Mkono Mbele ya Mdomo, Pale Imata

Yauri, 9 Machi

Kaka Nicanor,

Habari za huko Arequipa? Huku kwetu mvua bado zinapiga na njia ya zizini imekuwa tope tupu. Mama mzima, ila jicho la kushoto sasa halioni kabisa, anamwaga supu mezani halafu anamsingizia paka. Alpaka tumepoteza mmoja, alikwama kwenye tope la bwawa usiku, asubuhi tumemkuta amekauka. Nélida wangu ameingia sekondari, anakusalimia, anauliza vile viatu ulivyomwahidi vinashonwa wapi mpaka leo. Barua hii anakuletea mama Hilaria wa jibini. Majibu mpe yeye akirudi. Simu sitaki, mtandao unashika kule juu kilimani tu, na pale ukianza kuongea nusu ya kijiji wanajifanya wanachunga.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mume wangu Saturnino amepewa onyo na kampuni yenu ya malori. Limeandikwa kwamba anaongea na simu huku anaendesha, pale juu Imata barabara inapovuka mlima, na si mara moja. Kila safari. Akishuka na mzigo wa shaba, simu. Akipanda na lori tupu, simu. Nikamuuliza, unaongea na nani? Akasema, siongei na mtu. Nikamwambia, kamera imekuona. Akasema, basi kamera yao imelewa. Ameomba aonyeshwe hiyo video, wamemkatalia, eti ni mali ya kampuni.

Kaka, yaliyopita unayajua. Yule mwanamke wa Mollendo unamjua, na wewe ndiye uliyekaa hapa jikoni ukanibembeleza mpaka nikamrudisha mume ndani. Aliniapia. Nikameza. Sasa naona ninamezeshwa tena. Mtu anaweza kunidanganya, lakini kamera itapata faida gani kunidanganya mimi?

Wewe unakaa humo ofisini na hizo video. Iangalie, halafu uniambie kitu kimoja tu, anaongea na simu au haongei. Ukisema haongei, nitamwomba radhi na maisha yaendelee. Ukisema anaongea, atoke. Sitaki kuzeeka huku namnusa mtu mashati.

Mdogo wako,
Benedicta

*

Arequipa, 24 Machi

Mdogo wangu Benedicta,

Nimepokea barua na jibini, vyote vizima. Mgongo wangu uko vilevile. Nilidhani nikiacha lori utapona, kumbe kiti cha ofisini kinaniua zaidi. Mwambie Mama asiguse lile jicho kwa vidole, na yale maji ya majani anayoyachemsha asiyatie humo. Viatu vya Nélida sijasahau.

Umeuliza habari za kazini kwangu. Ngoja nikueleze, maana nadhani huijui kazi hii.

Kwenye kila lori kuna kamera mbili, moja inatazama barabara, nyingine inamtazama dereva usoni. Anayeangalia ni kompyuta. Dereva akisinzia, akishika simu, akigeuza shingo, inakata kile kipande cha video inatuletea sisi. Sisi kazi yetu ni kusema ndiyo au hapana. Ndiyo, kweli hii ni simu. Hapana, anajikuna sikio. Na kila tunachojibu, yenyewe inajifunza, kesho inakuwa na akili zaidi. Injinia wetu anaitwa Gianmarco, kijana wa Lima, anatuita walimu. "Habari za asubuhi, walimu." Anasema hivyo huku anacheka.

Nilidhani nitaipenda. Ndani, joto, hakuna kubadilisha matairi kwenye theluji. Benedicta, inatia kinyaa. Mtu akiwa kwenye lori anadhani yuko peke yake. Nimeona watu wazima wanachokonoa pua na kupaka chini ya kiti. Nimeona mtu anakojoa kwenye chupa huku usukani ameushika kwa magoti, kwa sababu siku hizi msafara hauruhusiwi kusimama. Nimeona baba wa watu analia njia nzima mpaka Yura, kamasi zinaingia mdomoni, na kompyuta imeandika pembeni: macho hayaangalii barabara. Vijana wa ofisini wanaziweka kando zile za kuchekesha, wanaziangalia wakati wa chakula. Mwenzao yule wa kwenye video anatema makohozi, wao wanatafuna kuku. "Mwone huyu, mwone huyu, rudisha nyuma." Na mimi nimekaa hapohapo na sahani yangu, nacheka.

Kuhusu shemeji, tulitia sahihi kwamba ya kwenye video hayatoki nje. Lakini nitaangalia. Vuta subira kidogo.

Kaka yako,
Nicanor

*

Yauri, 10 Aprili

Kaka,

Mama anakusalimia, jicho vilevile. Salamu nyingine sina.

Kurasa mbili umeniandikia habari za mikojo na kamasi. Nilichokuuliza hujajibu.

Onyo la pili limekuja. Wamemshusha kwenye lori, anasubiri kikao chao cha mwisho wa mwezi, na kikao hicho kikimkuta na kosa, kazi hana, wala kampuni nyingine ya barabara hii haitamchukua. Yuko hapa nyumbani anatengeneza ua ambao haujavunjika. Tunakula bila kusemeshana. Nélida ndiye anayebeba maneno: "Baba, mama anasema chumvi iko pale." "Mama, baba anasema ameiona."

Jana nimemnyang'anya simu nikaipekua yote. Hakuna kitu. Akaniambia, "Haya, umeona?" Nikamwambia, "Mwenye akili anafuta." Akasema, "Basi mimi leo nimeshakuwa na akili." Akatoka. Hata Mama, ambaye siku zote yuko upande wake, safari hii hakumtetea.

Ndiyo au hapana, Nicanor. Si ndiyo kazi yako?

Benedicta

*

Arequipa, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama na mvua zimepungua.

Nimeiangalia. Kompyuta imeandika simu. Mkono uko mbele ya mdomo na midomo inasogea. Anaongea, hilo siwezi kukuficha. Anaongea na nani, sijui, hizi video hazina sauti.

Usimwambie kwamba nimekwambia mimi. Na zaidi ya hapo usiniulize, tafadhali.

Nicanor

*

Arequipa, 3 Juni

Benedicta,

Sijui nikusalimie vipi. Mama hajambo? Nasema tu, najua hutanijibu.

Mwezi uliopita nilimkuta mama Hilaria sokoni San Camilo, anapanga jibini zake. Hakuniangalia. Nikamuuliza habari za Yauri, akasema, "Shemeji yako nimemwona stendi na gunia la nguo. Mvua inamnyeshea, hata kofia hana." Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kamuulize aliyemfukuza." Aliposema hivyo alidhani ni wewe.

Baada ya hapo wanavijiji wamefunga barabara ya mgodi kwa mawe, hakuna kinachopita, na yeye Hilaria amekwama huku na ndoo zake. Barua hii nampa hivyohivyo. Itakufikia siku barabara ikifunguliwa. Nimeianza mara nyingi nikaichana, kwa sababu kila nikiianza najikuta najitetea. Leo sijitetei.

Shemeji hakuongea na simu. Alikuwa anapuliza majani.

Ndiyo hivyo tu, na wewe umeshaelewa. Majani matatu ya koka, mazima, yamepangwa kwenye vidole, yanaletwa mbele ya mdomo, mtu anataja milima, anapuliza, ndipo anaanza kutafuna. Baba alitufundisha wote wawili kabla hatujajua kusoma. Zamani dereva akifika juu Imata alikuwa anasimamisha lori, anashuka, anaongeza jiwe kwenye lile rundo la kuiheshimu milima, anapuliza majani yake, anaendelea. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote ya barabarani. Sasa kampuni imekataza kusimama. Kwa hiyo madereva wanapuliza wakiwa ndani, lori linatambaa, mkono mmoja kwenye usukani. Hawawezi kupita pale kimya. Hata mimi nisingeweza. Saturnino mwenyewe hakuunganisha majani na lile onyo, kwa sababu hakuonyeshwa video, na jambo hilo kwake ni kama kupumua. Ukimuuliza ulikuwa unafanya nini, atakwambia sikuwa nafanya kitu.

Sasa nikwambie nilichofanya mimi.

Mwaka jana, kompyuta ikiwa bado inafundishwa, kilitujia kipande cha mzee mmoja, simjui. Mkono mbele ya mdomo, midomo inasogea, hatuoni kilichomo kiganjani. Kompyuta haikujua ni nini, ikakileta kwetu. Vijana wakakusanyika. Mmoja akasema, "Huyu anausemesha mkono wake." Mwingine akasema, "Anauroga usukani." Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Halafu wakanigeukia mimi. Ujue humo ndani mimi ndiye wa milimani. Wananiita taita, yaani mzee wa shamba. Nikisema neno kwa lafudhi yetu wanalirudia nyuma yangu. Gianmarco akasema, "Haya don Nicanor, wewe ni wa kulekule. Hii ni nini?"

Niliona majani, Benedicta. Wao hawakuyaona, mimi niliyaona, ncha zake zilitokeza juu ya kidole. Nikawaza nikieleza, nitaanza kueleza habari za milima inayolishwa sadaka, na wao watacheka mpaka jioni, na kesho watanipulizia vidole kila nikipita kwenda chooni. Nikasema, "Ni simu. Wanaificha kiganjani." Nikasema kama mtu mjanja, mtu wa mjini. Gianmarco akanipiga bega. "Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mtaalamu." Na nilifurahi. Usiku ule nilikula nyama ya adobo na bia moja, nimefurahi.

Kompyuta ikajifunza. Nilichosema mimi ikakiamini kuliko ninavyokiamini mwenyewe. Ikaanza kukamata kila mkono wa namna ile. Gianmarco akatundika ramani ukutani yenye alama nyekundu, na pale Imata pamekuwa pekundu kama kidonda. Vijana wakafanya mzaha wao: "Pale juu kuna nini? Madereva wote wana mpenzi mmoja?" Wakampa na jina yule mwanamke, Señora Imata. Wakichelewa kazini wanasema walikuwa kwa Señora Imata. Nilicheka na hilo pia.

Halafu akaja Saturnino. Wewe unadhani niliiangalia video yake baada ya barua yako. Hapana. Niliiona kabla. Ndiyo iliyozaa lile onyo la kwanza. Ilinijia mimi, kwenye meza yangu, nikauona uso wa shemeji yangu, na ile sweta ya kijivu uliyomfumia. Palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana. Nikibonyeza hapana, wataniuliza mbona yule mzee ulisema ni simu, na hawa wote wa pale juu je? Nikabonyeza ndiyo. Ya pili nikabonyeza ndiyo. Nilichokuandikia Aprili nilikichagua neno kwa neno, kisiwe uongo. Mkono, midomo, anaongea. Nilikisoma mara tatu kabla ya kukifunga, nikaona hakuna wa kunishika hapo. Nikikumbuka jinsi nilivyoridhika na ile karatasi, mate yanabadilika mdomoni.

Nikuongezee lililobaki, maana hili ndilo baya kuliko yote. Nilikuambia video hazina sauti na sijui anaongea na nani. Midomo ya mtu anayetaja majina ninayoyajua ninaweza kuisoma. Alianza na mlima Coropuna. Akafuata Ausangate. Halafu akawataja wa nyumbani, Mama, Nélida, na wewe ulikuwa wa mwisho. Jina lako ni refu, linaonekana vizuri. Unalia kwa sababu anaongea na mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni wewe, na mimi nilijua, nikanyamaza.

Wiki jana nimekwenda kwa Gianmarco. Nilichukua mfuko wa majani nikamwonyesha. Nilifikiri atakasirika. Alisema, "Inapendeza. Rudia, nikupige video." Akanisogeza kwenye mwanga. Nikasimama pale katikati ya ofisi, mkono mbele ya mdomo, vijana wote wamenyanyua simu zao, na sikuweza kutaja mlima hata mmoja. Nilipuliza hewa tu. Nikamwambia, "Sasa wafutie kosa wale madereva." Akasema, "Don Nicanor, wewe mwenyewe ndiye uliyesema ni simu. Na kama si simu, itakuwa ni kula. Mkono si ulitoka kwenye usukani?" Wameongeza jina jipya kwenye kompyuta. Wameliita mila. Kikao kimebadilisha kosa la Saturnino, si simu tena, ni uzembe. Kazi hakurudishiwa.

Nimeacha kazi kwao. Nimeandika maelezo yangu, nimetia sahihi, chama cha madereva wanayo, wanasema watayapeleka kwa mkaguzi wa kazi. Yatasaidia au hayatasaidia, sijui. Sikuandikii uone nimefanya vizuri. Nakuandikia umtafute mume wako umrudishe. Mwonyeshe barua hii. Akitaka kunipiga, niko nyumbani.

Kama mtaniruhusu, nitakuja sikukuu za Julai nimwone Mama.

Nicanor

*

Yauri, 20 Julai

Kaka,

Mama anakusalimia. Jicho la pili nalo linaanza. Nélida hajambo. Baridi ya mwaka huu imeua vifaranga wote, na simbilisi tumewaingiza jikoni.

Barua yako ilikaa kwa mama Hilaria wakati wote barabara ilipofungwa, chini ya ndoo za jibini. Imenifikia inanuka. Nimeisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikapanda gari kwenda Sicuani, nilisikia yuko kwa dada yake anapakua magunia ya viazi.

Hakutaka kuongea ndani. Tukakaa uani, yeye kwenye gunia, mimi kwenye ndoo niliyoigeuza. Nikamsomea yote, sikuruka kitu. Nilipofika pale pa midomo, pa jina langu, alinyanyuka akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu, maji yale ni ya barafu. Akarudi.

Akaniambia, "Kwa hiyo wewe uliiamini mashine."

Nikamwambia, "Mashine sikuiamini. Ningeiamini mashine ningekutoa Machi. Nilimuuliza kaka yangu."

Akafikiri. Akasema, "Hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana mashine haijawahi kula kwangu."

Nilimwomba radhi, nilishika miguu yake, mimi ambaye unanijua. Aliniinua. Alinipa nauli ya kurudi. Hakusema atakuja na hakusema hatakuja.

Siku hizi anakuja kila Jumapili kumwona Nélida. Anasimama pale kwenye ua alioutengeneza, mtoto anamfuata huko, wanacheka. Mimi natoka na chai namkabidhi, anapokea, anasema asante mama Nélida. Zamani hakuwa ananiita hivyo. Jumapili iliyopita nilimwangalia akitoa majani yake mfukoni. Hakuchagua, hakupanga, hakupuliza. Aliyatia mdomoni lundo zima, akatafuna kama mbuzi, anatazama barabarani. Nikangoja nione midomo. Hakumtaja mtu.

Umeomba kuja. Njoo. Mama anazidi kuingia gizani na anataka kukushika uso kabla halijamfunika lote, siwezi kumnyima hilo kwa ajili yako. Nitapika, utakula, utalala kitanda chako. Saturnino nimemwambia utakuwepo, akasema Jumapili hiyo hatakuja. Usimletee mtoto viatu.

Na ukiwa hapa usinieleze kitu ulichokiona, popote, cha mtu yeyote. Ukiniambia mvua inanyesha, nitatoka nje kwanza.

Benedicta